Matairi Matatu, Njia Tatu: Ushauri kwa Anayetaka Kumiliki Bajaji au Guta

Maswali kuhusu bajaji ya abiria na guta la mizigo katika ukanda huu, kuanzia Songwa na Maganzo hadi Kahama, Kakola, Geita na Katoro, hurudi yale yale kila msimu wa pamba unapokaribia na kila kunaposikika kwamba kuna shimo limeanza kutema dhahabu. Ninunue mpya au iliyotumika? Nimpe dereva kwa hesabu ya siku, yaani kiasi anacholeta kila siku, au kwa mkataba? Kijana aliyezoea bodaboda anaweza kuingia nayo barabarani kesho yake? Naweza kuipeleka Shinyanga mjini kwa lami, katikati ya malori? Kila swali lina jibu lake, lakini majibu yote yanatoka kwenye jambo moja: chombo cha matairi matatu si pikipiki iliyoongezewa tairi, wala si gari lililopunguziwa. Anayekiendesha kama pikipiki hukipindua kwenye kona, anayekipakia kama Fuso hukiua breki na injini, na bosi anayepanga hesabu bila kujali mipaka ya chombo ndiye anayemsukuma dereva afanye yote mawili. Kwa hiyo makala haya yanamhusu mwenye chombo kuliko dereva, kwa sababu mwendo wa bajaji huanza kuamuliwa siku inaponunuliwa.

Kwa nini inapinduka wakati ina matairi matatu?

Wengi huamini kwamba matairi matatu ni usalama: kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kikiwekwa kwenye sakafu mbovu. Ni kweli, ila kigoda hakikati kona. Chora pembetatu ardhini, ncha moja ikiwa tairi la mbele na mbili zikiwa matairi ya nyuma. Uzito wote wa chombo, dereva na abiria lazima ubaki ndani ya pembetatu hiyo. Nyuma ni pana, mbele ni nyembamba. Ukifunga breki ukiwa katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, kule ambako pembetatu imebana, na wakati huohuo kona inausukuma nje. Tairi la nyuma la upande wa ndani linanyanyuka, na kuanzia hapo dereva hana muda wa kufikiri.

Pikipiki haina tatizo hili kwa sababu hulala upande wa kona. Gari hulipunguza kwa kuwa na upana mbele na nyuma. Bajaji hailali, na mbele haina upana. Ongeza kwamba nguvu ya kona haipandi sawa na mwendo: ukitoka kilomita 20 kwa saa kwenda 40 kwenye kona ileile, nguvu inayokusukuma nje inakuwa mara nne. Ndiyo maana dereva aliyepita kona fulani asubuhi bila shida anaweza kuangukia hapohapo jioni kwa kuongeza mwendo kidogo tu.

Hapa ndipo lilipo jibu la pingamizi linalosikika sana: "Mbona kila mtu anabeba wanne na hawaanguki?" Abiria watatu wa kiti cha nyuma wamekaa pale pembetatu ilipo pana. Abiria wa nne, anayebanana na dereva kwenye kiti cha mbele, amekaa pale ilipobana, tena pembeni. Ameusogeza uzito mahali pabaya kuliko pote, na juu ya hapo amebana kiwiko cha dereva asiweze kugeuza usukani wote. Hawaanguki kwa sababu njia imenyooka. Siku ng'ombe atakapokatiza, wote wanne watajua.

Kanuni ya kona ni fupi, na dereva wako lazima aijue kama jina lake:

- Funga breki kabla ya kona, usukani ukiwa umenyooka.
- Shusha gia kabla ya kuingia.
- Ndani ya kona achia breki, shika mafuta kidogo na kwa utulivu.
- Mnyama au mtoto akitokea ghafla, funga breki ukiwa umenyooka. Kukwepa kwa kona kali ndiko kunakopindua.

Na vyombo vya matairi matatu vya michezo?

Kuna wanaoona kwenye simu vyombo vya matairi matatu vinavyokwenda kasi ya kutisha, wakauliza kwa nini bajaji isiweze. Tazama vizuri picha hizo. Morgan ya Uingereza, iliyoanza kutengeneza magari ya matairi matatu zaidi ya miaka 100 iliyopita, iliweka mawili mbele. Can-Am Spyder ya Canada, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ina mawili mbele. Polaris Slingshot ya Marekani, ya mwaka 2014, ina mawili mbele. Watengenezaji hao hawakuiga mtindo. Waliweka upana pale uzito unapokimbilia breki inapofungwa. Gari la Uingereza lililofanya kinyume, Reliant Robin la mwaka 1973, lenye tairi moja mbele, limebaki kuwa kichekesho cha kupinduka. Na huko Marekani, pikipiki za matairi matatu za kuchezea porini, zenye moja mbele, ziliacha kuuzwa mwaka 1988 baada ya serikali kuwabana watengenezaji kwa sababu ya majeruhi.

Bajaji imetoka kwenye ukoo mwingine. Mwaka 1948 Piaggio ya Italia, iliyokuwa imeshatengeneza Vespa, ilitoa Ape, chombo cha kubebea mizigo cha tairi moja mbele, kwa ajili ya mitaa ya nchi iliyotoka vitani. Bajaj ya India ikaja kupata leseni ya kutengeneza vyombo vya ukoo huo. Ni chombo cha kazi cha mwendo wa mjini tangu kilipozaliwa. Anayetaka kuingiza Slingshot au Spyder kwa starehe zake hakatazwi kuota, ila ajue kwamba tumbo la chombo hicho liko karibu na ardhi, tairi la nyuma huzungushwa kwa mkanda ulio wazi kwa kokoto na vumbi, na spea zake hazipo Kahama wala Mwanza. Hapo suala la hesabu halipo kabisa. Tuendelee na vyombo vya riziki.

Shimo, tuta na njia ya vumbi

Jambo ambalo hakuna anayemwambia mnunuzi ni hili: gari linaacha alama mbili barabarani, pikipiki moja, bajaji tatu. Dereva wa gari akiona shimo dogo hulipitisha katikati ya matairi. Akifanya hivyo kwenye bajaji, tairi la mbele linatumbukia humo moja kwa moja. Mwenye asili ya bodaboda hulikwepa kwa mbele akadhani amemaliza, kisha tairi la nyuma, ambalo liko nje zaidi, likalipata. Kila shimo linataka uamuzi wa mapema: ama tairi la mbele lipite pembeni na moja la nyuma pia lipite salama, ama upunguze mwendo hadi karibu kusimama na ulivuke taratibu.

Kwenye njia za vumbi za kwenda vijijini na machimboni hali ni ngumu zaidi. Magari na malori yamechimba mifereji miwili, katikati kumebaki mgongo wenye majani na mawe. Upana wa matairi ya nyuma ya bajaji ni mdogo kuliko wa gari, kwa hiyo haiwezi kuweka yote mawili mferejini. Matokeo yake tairi moja la nyuma linashuka, lingine linabaki juu, na la mbele linatambaa kwenye mgongo lenyewe. Chombo kinakwenda kimelalia upande na abiria wote wanamwegemea wa mwisho. Mwendo wa njia hiyo ni ule ambao ungeweza kuzungumza na mtu anayetembea kando yako. Kama biashara yako yote itakuwa kwenye njia za namna hiyo, fikiria upya: huenda pikipiki mbili zitakulipa kuliko bajaji moja, na hakuna aibu kukubali hivyo kabla hela haijatoka.

Tuta livukwe ukiwa umelielekea moja kwa moja. Ukilivuka mshazari, tairi moja la nyuma linapanda kabla ya mwenzake, na hapo umejitengenezea kona bila kukata kona.

"Dereva wangu ana miaka ya bodaboda"

Uzoefu huo ni mtaji, lakini una sumu ndani yake. Mwendesha pikipiki aliye kwenye mwendo hageuzi usukani kwa nguvu. Akitaka kwenda kushoto husukuma kidogo mkono wa kushoto mbele, pikipiki ikalala kushoto na kuelekea huko. Hafikirii, mwili umeshajifunza. Mkono huohuo ukisukumwa hivyo kwenye bajaji, tairi la mbele linaelekea kulia. Siku ya kawaida kijana hujirekebisha. Siku ya hofu, mwili hurudia ulichozoea, na chombo kinakwenda upande ambao hakutaka.

Mikono nayo ina kazi nyingine. Kwenye bajaji za kawaida kama Bajaj RE au TVS King, gia hubadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto pamoja na klachi, na breki iko mguuni. Vidole vya kulia vilivyozoea kukamata breki ya mbele vitakamata hewa. Guta nyingi za Kichina zina mpangilio wao tena, unaofanana zaidi na wa pikipiki. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo:

- Mpeleke kwenye uwanja mpana, wa mpira au wa gulio siku lisipokuwapo, azunguke namba nane kushoto na kulia.
- Rudia huku viroba vya mchanga vikiwa kiti cha nyuma badala ya abiria.
- Mfanyishe breki ya ghafla kwa mstari ulionyooka mpaka aache kutafuta breki kwa vidole.
- Mfundishe kurudi nyuma. Bodaboda hairudi nyuma kwa gia, na watoto hupenda kusimama nyuma ya bajaji.

Halafu kuna leseni. Daraja la pikipiki ya kawaida halitoshi: vyombo vya matairi matatu vina daraja lake, A2. "Lakini trafiki hawaulizi" ni jibu la siku ambazo hakuna ajali. Siku ya ajali atauliza trafiki, atauliza mwenye bima, na swali litaishia kwako uliyemkabidhi mtu chombo asichoruhusiwa kukiendesha.

Mawe na pamba

Guta la Geita na guta la Kishapu yanaweza kuwa ya kampuni moja na yakafa vifo tofauti. Geita mzigo ni viroba vya mawe ya dhahabu kutoka duarani (shimoni) kwenda karashani (kwenye mashine ya kusaga mawe). Kishapu ni pamba inayokwenda kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mawe yanadanganya kwa udogo wake. Kiroba cha mawe yaliyopondwa kina uzito wa karibu mara mbili ya kiroba kilekile kikijaa mahindi, kwa hiyo guta linaloonekana limejaa nusu tu linaweza kuwa limeshapita uwezo wake. Dalili haziko juu kwenye bodi, ziko chini: springi zimenyooka, tairi za nyuma zimetanuka pembeni, na usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi. Usukani ukiwa mwepesi hivyo ujue tairi la mbele limenyanyuliwa na mzigo na halikamati tena barabara. Guta la namna hiyo kwenye mlima wa Geita linaweza kukataa kukata kona hata likiwa taratibu.

Pamba inadanganya kwa wepesi. Uzito si tatizo, urefu ndio tatizo. Ukirundika mpaka juu ya kichwa cha dereva, umeupandisha uzito juu na kumpa upepo ukuta wa kusukuma. Lori likikupita kwa kasi linakusukuma kwanza, kisha linakuvuta. Punguza urefu, funga kamba kwa kukaza mpaka kwenye fremu, na usikubali mtu akae juu ya mzigo, hata awe mwenye pamba mwenyewe.

Tukiwa kwenye mawe: usafirishaji wa madini una taratibu zake chini ya Tume ya Madini. Mwenye mzigo akuoneshe karatasi kabla hujapakia. Ukikamatwa na mawe yasiyo na kibali, guta ndilo litakalolala kituoni.

Lami, malori na usiku

Barabara inayotoka bandari kavu ya Isaka kupitia Kahama kuelekea Lusahunga hubeba malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na ile ya Shinyanga kwenda Mwanza haina utulivu pia. Ushauri ni kwamba bajaji ya abiria ibaki kwenye mji na viunga vyake, na ivuke barabara kuu badala ya kuishi juu yake. Kama hakuna njia nyingine, nenda mchana, kaa kushoto ukienda kwa mstari ulionyooka, na ukiona kwenye kioo lori linakuja usisubiri likusukume: punguza na shika usukani kwa mikono miwili. Usitoke ghafla kwenye ukingo wa lami. Pale lami inapoishia mara nyingi kuna ngazi ya kushuka, na tairi moja likishuka kwa kasi huku mawili yako juu, umeshajua kinachofuata.

Wanaopinga husema mwendo mdogo haulipi. Tupige hesabu. Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa 40 ni dakika 15, kwa mwendo wa 50 ni dakika 12. Umeokoa dakika tatu, ambazo kijiweni utazitumia kusubiri zamu. Kwa malipo ya dakika hizo tatu umekubali umbali wa kusimama kwa breki unaozidi ule wa kwanza kwa zaidi ya nusu yake. Mijini sheria inataka usizidi 50, nayo imeandikwa kwa ajili ya magari yenye breki bora kuliko zako.

Usiku kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii. Guta nyingi na baadhi ya bajaji zina taa moja katikati. Dereva anayekuja mbele yako anaona pikipiki, anakuachia nafasi ya pikipiki, na tairi lako la kulia liko nje ya taa kwa zaidi ya nusu mita. Bandika utepe unaong'aa kwenye kingo za mwisho kabisa, mweupe mbele na mwekundu nyuma. Utepe hauna bei kubwa, na hakuna kitu kingine kwenye makala haya kitakachokulinda kwa gharama ndogo hivyo.

Masika kwenye mbuga

Udongo mweusi wa mbuga za Kishapu ukiwa mkavu unapasuka, ukilowa unakuwa gundi. Unajikusanya kati ya tairi la mbele na bango lake mpaka tairi linaacha kuzunguka na kuanza kuburuzwa. Dereva asiyejua huongeza mafuta. Injini inapata moto, klachi inaungua, na chombo hakijasogea hatua tano. Simama, beba kijiti au panga butu, kwangua, kisha endelea. Baadhi ya mafundi hulinyanyua bango la mbele kidogo kwa ajili ya masika, na inasaidia.

Mto wa msimu ukiwa unapita juu ya daraja la chini, usivuke. Bajaji tupu ina kilo 300 na ushee, sakafu yake ni bapa, na maji hayahitaji kuwa marefu ili kuibeba.

Ukinunua iliyotumika

Mpya ni bora kama mtaji unaruhusu, kwa sababu bajaji iliyotumika mara nyingi inauzwa na mtu aliyeshaimaliza. Ila kuna nzuri, na kuzitambua hakuhitaji mashine. Mwaga maji kwenye ardhi kavu iliyo bapa, pitisha bajaji humo kwa mstari ulionyooka, shuka utazame alama tatu zilizobaki. Alama ya mbele inatakiwa iwe katikati kabisa ya zile za nyuma. Ikiwa imesogea upande mmoja, fremu imepinda au mkono wa tairi la nyuma umekaa vibaya, na chombo hicho kitakula tairi mpaka kife. Kisha angalia nguzo za paa mahali zinapoungana na bodi. Ulehemu mpya chini ya rangi mpya mara nyingi maana yake ni kwamba paa liliwahi kugusa ardhi.

Mengine ya kukagua kwa haraka: breki ikifungwa haivuti upande mmoja, tairi la mbele likinyanyuliwa na kutikiswa halichezi, injini inawaka ikiwa baridi, si baada ya muuzaji "kuipasha" kabla hujafika, kisafisha hewa hakijajaa vumbi. Hilo la mwisho liendelee hata baada ya kununua. Injini iko nyuma, kule ambako vumbi la matairi huishia, kwa hiyo kwenye njia zetu kisafisha hewa kinahitaji kusafishwa mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema.

Karatasi

Fupi, kwa sababu hapa hakuna ubishi:

- Namba ya chasisi na ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe na zilingane na kadi. Usikubali picha ya kadi kwenye simu.
- Kadi ihamishiwe jina lako TRA. Mkataba wa mauziano pekee haukufanyi mmiliki mbele ya trafiki, na ikiwa chombo kilikuwa dhamana ya mkopo wa mtu, mkopeshaji atakifuata kilipo.
- Bima. Bima ndogo ni lazima kisheria, nayo hulipa madhara ya wengine, si bajaji yako. Kama chombo ndicho mtaji wako wote, ulizia bei ya bima kubwa kabla ya kusema huiwezi.
- Leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, kwa anayebeba abiria au mizigo kwa malipo. Anza kwenye ofisi yao ya mkoa, na uulize eneo unaloruhusiwa kufanyia kazi, kwa sababu kijiwe cha Maganzo si ruhusa ya kuokota abiria Shinyanga mjini.

Hesabu ndiyo kanyagio la mafuta

Sasa tufike kwa bosi. Chukua namba za mfano tu. Siku nzuri dereva anakusanya 45,000, mafuta 15,000, hesabu ya bosi 20,000, kwake zinabaki 10,000. Siku ya mvua anakusanya 30,000, mafuta 12,000, hesabu ni ileile 20,000. Amemaliza siku akiwa anadaiwa 2,000. Ana njia tatu: abebe abiria wa nne, akimbie, au aingie usiku. Zote ni hatari tulizozitaja hapo juu. Unaweza kumhubiria dereva usalama mpaka jua lizame, hesabu yako ikiwa juu hivyo itamhubiria kinyume.

Bosi atajibu kwamba madereva ni waongo, kila siku kwao ni ya mvua. Wapo waongo, kweli. Lakini dawa yake ni kuijua biashara, si kupandisha hesabu. Kwa wiki mbili za mwanzo mwambie dereva aandike kila siku alichokusanya na mafuta aliyonunua, nawe zungukia kijiweni kwa saa tofauti uone zamu zinavyokwenda. Waulize pia madereva wengine wa kijiwe hicho. Kisha weka hesabu ya wiki badala ya ya siku, ili siku ya gulio ibebe siku ya mvua, na tenga siku moja ya gereji isiyodaiwa kitu. Bosi asiyetoa siku ya gereji hulipa gereji hiyohiyo baadaye, ila kwa bei ya injini.

Mkataba wa kumalizia, ule ambao dereva hulipa kwa miezi kadhaa kisha chombo kinakuwa chake, una faida yake: mtu hutunza kitakachokuwa chake. Ubaya wake ni kwamba deni likibana, yeye ndiye atakayekimbia kuliko wote. Ukichagua njia hiyo, andikeni na msaini mbele ya shahidi mambo haya:

- Wiki ngapi kwa mwaka malipo yanasimama kwa ugonjwa, matengenezo makubwa au msiba, bila kuhesabiwa kuwa ni kosa.
- Nani analipa nini: tairi, oili, bima, faini. Faini ya abiria wa ziada iwe ya dereva, faini ya bima iliyoisha iwe ya bosi.
- Saa ya mwisho ya kazi.
- Kadi inahama lini, na nani analipia gharama za kuihamisha.
- Deiwaka, yaani dereva wa muda. Dereva akiumwa au akitaka kupumzika, chombo kinaingia mikononi mwa mtu ambaye bosi hajawahi kumwona, asiye na A2, anayetaka kupata chake ndani ya saa tano. Iandikwe kwamba deiwaka ni mmoja, jina lake linajulikana, leseni yake imeonwa, na amezunguka namba nane uwanjani mbele yako kama mwenzake.